Kagua Kozi Kuanzia Mwisho: Mwongozo wa Tathmini ya Ndani kwa Kampasi Ndogo za Malindi na Lamu

Kazi hii kwa kawaida haiombwi. Unaitwa ofisini kwa mkuu wa kampasi, unaambiwa kuanzia muhula huu wewe ndiye mratibu wa uhakikisho wa ubora, unakabidhiwa faili lenye fomu za miaka mitatu zilizojazwa kwa kalamu moja, kisha unarudi darasani kufundisha kwa sababu vipindi vyako havikupunguzwa. Miezi inapita, hakuna anayekuuliza kitu. Halafu inakuja barua kwamba wakaguzi watafika, na hapo ndipo watu huanza kukimbizana na stepla.

Mwongozo huu ni wa mratibu wa namna hiyo, aliye Malindi au Lamu, kwenye kampasi yenye walimu wachache wa kudumu na wengi wa muda. Nitatumia mfano mmoja, kozi ya usimamizi wa hoteli na utalii hapa Malindi, kwa kuwa ndiyo iliyo karibu na maisha ya mji huu, na nitagusa Lamu pale mambo yanapokuwa tofauti. Njia yenyewe inafaa kozi yoyote.

Anza na mhitimu, urudi nyuma hadi kwenye mtaala. Mafaili mengi ya ubora yamepangwa kinyume cha hivyo: dira na dhima mbele, kisha sera, mtaala, ratiba, majengo, na mwanafunzi anatokea ukurasa wa mwisho akiwa tarakimu tu. Ukiufuata mpangilio huo utachoka kabla hujafika penye ukweli. Karatasi za mbele huwa nzuri katika kila chuo. Sijaona dira mbaya hata mara moja.

Kwanza ujue unajibu kwa nani

Hapa sitakaa sana. Shahada iko chini ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, inayofanya kazi kwa Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012 na iliyorithi Tume ya Elimu ya Juu ya mwaka 1985. Tume ndiyo inayotoa ithibati kwa chuo na kwa kila kozi ya shahada, na kampasi nayo huidhinishwa. Haitoshi kusema makao makuu yana hati. Diploma na vyeti vya ufundi vina mlango wao, mamlaka ya elimu na mafunzo ya ufundi, TVETA, iliyotokana na sheria ya 2013. Juu ya zote kuna ngazi za kitaifa za kufuzu chini ya KNQA, mamlaka ya kitaifa ya sifa za kufuzu, ya sheria ya 2014: diploma ni ngazi ya 6, shahada ya kwanza ya 7, uzamili wa 9, uzamivu wa 10. Kama kampasi yako inafundisha diploma na shahada chini ya paa moja, tafuta barua ya idhini ya kila kozi, moja moja, uziweke mahali unapoweza kuzifikia bila kumwomba mtu ufunguo.

Kozi za uuguzi, uhandisi, sheria na nyinginezo za aina hiyo zina bodi za taaluma zake, na ithibati ya Tume peke yake haimpi mhitimu leseni ya kufanya kazi. Hoteli na utalii hauna mzigo huo, na ndiyo sababu moja ya kuuchagua kwa mfano.

Jambo moja la kutenganisha mapema: cheti cha ISO 9001 kilichotundikwa mapokezi. Cheti hicho kinasema chuo kina taratibu zilizoandikwa na kinazifuata. Unaweza kufuata utaratibu ulioandikwa vizuri sana wa kutunga mtihani mbovu, ukapita ukaguzi wa ISO bila doa. Usiruhusu mtu yeyote kwenye kikao akujibu swali la ubora wa masomo kwa kukuonyesha ukuta.

Hatua ya 1: Watafute waliomaliza, na wasiomaliza

Chukua kundi moja lililopaswa kuhitimu mwaka jana. Omba masjala orodha ya siku waliyosajiliwa, siyo orodha ya mahafali. Tuseme waliingia 42 na wakahitimu kwa wakati 25. Hao 17 ndio kazi yako ya wiki ya kwanza. Andika jina la kila mmoja na sababu: karo, kazi iliyopatikana katikati ya masomo, uzazi, kufeli, kuhamia kozi nyingine, maksi kupotea. Usikubali neno "ameacha" libaki peke yake kwenye safu ya sababu, kwa maana hilo halisemi lolote. Aliyeacha kwa karo na aliyeacha kwa sababu uniti mbili hazikuwa na mwalimu muhula mzima ni watu wawili tofauti, na chuo kina hatia kwa mmoja wao tu.

Kisha wapigie simu waliohitimu, kumi wanatosha kuanzia. Fomu ya kurasa tano haitarudi. Simu itapokelewa, hasa ukipiga baada ya magharibi na ukaanza kwa salamu zilizotimia badala ya kuingia moja kwa moja kwenye maswali. Maswali yenyewe ni matatu. Unafanya kazi gani sasa? Mwezi wa kwanza kazini, bosi wako alilazimika kukufundisha nini upya? Ni somo gani ulilosoma ambalo hujawahi kuligusa tangu utoke? Andika majibu kwa maneno yao wenyewe.

Baada ya hapo nenda kwa waajiri kwa miguu yako. Malindi na Watamu hoteli hazifichiki, na Lamu utawapata wenye nyumba za wageni Shela kwa asubuhi moja. Usiende na barua ya kuomba "ushirikiano wa wadau". Nenda na orodha ya majina ya wahitimu wenu waliopita pale, umuulize msimamizi anayekaa nao zamu, na siyo meneja mkuu peke yake, nani aliweza nini. Jambo litakalojitokeza Malindi, karibu nakuhakikishia, ni lugha. Wageni wengi wa mji huu kwa miongo sasa ni Waitaliano. Vijana wa ufukweni wasiokanyaga chuo wanakizungumza Kiitaliano kwa ufasaha wa kuuzia safari ya boti, na mwenye diploma aliyefundishwa Kifaransa kwa sababu ndicho kilichokuwa na mwalimu makao makuu anasimama mapokezi akitabasamu tu. Hilo ni tatizo la ubora wa kozi, na hakuna fomu itakayolisema.

Hatua ya 2: Fungua karatasi zilizosahihishwa

Hapa ndipo penye utajiri wote, na ndipo wengi hawaingii kwa kuogopa kumkera mwenzao. Chagua uniti tatu za kozi yako: moja ya mwaka wa kwanza, moja ya mwisho, na moja inayofundishwa na mwalimu wa muda. Kwa kila uniti vuta karatasi tano za majibu: ya juu kabisa, mbili za katikati, iliyopita kwa shida, na iliyofeli. Weka pembeni yake karatasi ya maswali, mwongozo wa kusahihisha, na maksi za majaribio ya muhula.

Angalia kwanza kama mwongozo wa kusahihisha upo na uliandikwa kabla ya mtihani. Kisha mpe mwalimu mwingine wa somo lilelile nakala zisizo na maksi asahihishe upya. Wakitofautiana kwa alama mbili tatu katika mia, hilo ni la kawaida. Wakitofautiana kwa kumi na zaidi, tena kwenye karatasi zaidi ya moja, basi maksi katika uniti hiyo hazipimi alichojua mwanafunzi, zinapima nani alisahihisha. Kaa na walimu hao wawili pamoja, bila mkuu wa idara, mkiwa na karatasi mezani. Nimeona mara nyingi ugomvi ukiyeyuka pale pale kwa kuwa mwongozo wa kusahihisha ulisema "hoja nne, alama ishirini" na kila mmoja akaelewa hoja kwa namna yake.

Sasa soma maswali yenyewe kwa kufuata vitenzi. Tangu Benjamin Bloom na wenzake walipotoa mpangilio wao mwaka 1956, walimu duniani kote wamekuwa wakitenganisha swali la kukumbuka na swali la kutumia, kuchanganua na kutathmini. Hesabu: ni maswali mangapi yanaanza na "taja" na "orodhesha", na mangapi yanamtaka mwanafunzi atumie alichosoma? Mtihani wa mwaka wa nne wa uniti ya gharama za chakula na vinywaji unaouliza "taja kanuni sita za udhibiti wa gharama" ni mtihani wa kukariri. Wa ngazi yake ungempa orodha ya bei za samaki sokoni Malindi kwa wiki mbili, menyu ya hoteli, na idadi ya wageni, kisha ungemwambia apange bei ya sahani na aeleze atafanya nini kamba wa baharini wakipanda bei ghafla.

Linganisha pia na karatasi za miaka mitatu iliyopita. Maswali yakijirudia neno kwa neno, wanafunzi wanajua zamani. Duka la fotokopi lililo karibu na lango lina mkusanyo kamili kuliko maktaba yako. Ingia uulize.

Halafu tafuta ripoti ya mtahini wa nje, yaani mwalimu wa chuo kingine anayepitia mitihani yenu. Mara nyingi ipo, imeandikwa na mtu aliyesoma kwa makini, na haijajibiwa na yeyote. Kila pendekezo lake liandike, na mbele yake jibu moja kati ya matatu: limefanyika (ushahidi huu hapa), halijafanyika (sababu hii hapa), au tumelikataa (hoja hii hapa). Ukifanya hilo peke yake na usifanye jingine lolote katika mwongozo huu, utakuwa umefanya kuliko idara nyingi.

Maksi zilizopotea

Hili linastahili mahali pake. Hakuna mwanafunzi wa chuo Kenya asiyelijua: ulifanya mtihani, ukasaini, na kwenye mfumo hakuna kitu. Anayehangaika ni mwanafunzi, kutoka mlango hadi mlango, na mahafali yanampita.

Usianze kwa kumlaumu mtu. Chukua kisa kimoja cha kweli, uifuate karatasi hiyo hatua kwa hatua: kutoka chumba cha mtihani, kwa msimamizi, kwa mwalimu, kwa mkuu wa idara, kwa ofisi ya mitihani, hadi kwenye mfumo wa makao makuu. Katika kila makabidhiano uliza mambo mawili tu: nani alihesabu karatasi, na saini iko wapi. Mahali pasipo na saini ndipo zinapopotelea. Lamu uangalifu uongezeke, kwa kuwa karatasi zinavuka maji hadi Mokowe kisha zinapanda basi, na bahasha iliyotumwa kwa mkono wa "huyu ndugu anayekwenda" haina makabidhiano yoyote. Bahasha iliyofungwa, idadi imeandikwa nje, saini tatu, na picha ya simu ya karatasi ya mahudhurio ya mtihani kabla haijaondoka: havigharimu kitu.

Lakini mara nyingi utakuta karatasi hazikupotea. Ziko nyumbani kwa mwalimu wa muda, zimesahihishwa, na hajazileta kwa sababu hajalipwa muhula uliopita. Hapo tatizo si la mitihani, ni la ofisi ya fedha, na hakuna mafunzo ya "maadili ya utahini" yatakayolitatua. Mpate mhasibu akuonyeshe tarehe za vocha: lini dai lililetwa, lini lilipitishwa, lini lililipwa. Weka tarehe hizo kando ya tarehe ambazo maksi za uniti hizo ziliingia. Safu hizo mbili zikiwa kwenye ukurasa mmoja, mkuu wa kampasi hatahitaji maelezo yako.

Hatua ya 3: Atachimenti, yaani mafunzo ya kazini

Kozi ya hoteli isiyo na mafunzo mazuri ya kazini ni kozi ya kusoma kuhusu hoteli. Soma madaftari ya kumbukumbu ya wanafunzi kumi, ukurasa kwa ukurasa. Ukiona wiki nne mfululizo zimeandikwa "nilifanya usafi" au sentensi moja imenakiliwa kila Ijumaa, usikimbilie kusema wanafunzi ni wavivu.

Tazama kalenda. Vyuo vingi huwapeleka wanafunzi atachimenti kati ya Mei na Agosti, kwa kuwa ndipo muhula wa darasani unapoisha. Malindi na Watamu wageni hupungua baada ya Pasaka. Masika inaingia, upepo wa kusi unachafua bahari, na hoteli kadhaa za ufukweni hufunga hadi Julai, nyingine zikibaki na walinzi na watu wa matengenezo. Kwa hiyo mnawapeleka wanafunzi kujifunza huduma kwa mgeni wakati mgeni hayupo. Mwanafunzi anafagia ua, anapaka rangi vitanda vya jua, na daftari lake linasema kweli tupu. Msimu wenyewe, kuanzia mwezi wa kumi na mbili, wakati hoteli inatamani mikono ya ziada, yeye yuko likizo au darasani anasoma nadharia ya msimu wa utalii.

Ratiba hiyo ilitungwa na watu wenye nia njema walio mbali na bahari. Ubora wa kozi ya Malindi hauwezi kupangwa kwa kalenda isiyoijua kaskazi wala kusi.

Uangalie na ziara za walimu. Mwanafunzi alitembelewa mara ngapi, na mwalimu alikaa muda gani? Alizungumza na msimamizi wa zamu, au alipiga picha getini na kusaini? Linganisha na maombi ya nauli.

Hatua ya 4: Saa za darasani

Desturi ya vyuo vyetu ni uniti ya saa 45, yaani saa tatu kwa wiki kwa muhula wa wiki kama kumi na tano. Saa moja ya mhadhara huhesabiwa sawa na saa mbili za mafunzo ya vikundi au tatu za vitendo. Kwenye ratiba yote hayo yapo. Swali ni kama yalitokea.

Kampasi ya Malindi inategemea walimu wanaotoka Mombasa, kilomita kama 120. Ya Lamu ndiyo zaidi, kwani kutoka Malindi tu ni kilomita zisizopungua mia mbili na kisha boti. Matokeo yake ni uniti nzima kumalizwa kwa wikendi tatu, kuanzia saa mbili asubuhi hadi jioni. Kwenye daftari utakuta saa 45. Kichwani mwa mwanafunzi hazikukaa hata nusu yake, na vitendo ndivyo vinavyokatwa kwanza. Mimi naona heri uniti hiyo ifundishwe saa 30 zilizotawanywa wiki kumi na mwalimu wa hapa hapa mwenye uzoefu, huku mwenye shahada ya juu akisimamia mtaala na mtihani kutoka mbali, kuliko kujidanganya na saa 45 za Jumamosi. Ila hilo huwezi kulifanya kimyakimya. Lipeleke idarani kwa maandishi, kwa kuwa saa ni sehemu ya kile kilichoidhinishwa.

Daftari la mahudhurio lisainiwe na kiongozi wa darasa, siyo mwalimu peke yake, na wewe ulilinganishe na vocha za malipo. Pia uhesabu uwiano wa walimu na wanafunzi. Viwango vya Tume ni mwalimu 1 kwa wanafunzi 18 kwa sayansi za jamii, 1 kwa 15 kwa sanaa na lugha, 1 kwa 10 kwa sayansi, na 1 kwa 7 kwa tiba. Mwalimu wa muda anayefika wikendi tatu usimhesabu kama mtu mzima. Mgawe kwa saa zake.

Ratiba isipojua mahali ilipo, itaandika mahudhurio mabaya ambayo si ya uvivu. Kipindi cha Ijumaa saa saba mchana, darasa la jioni la Ramadhani linaloangukia futari, mtihani wa majaribio katika siku za Maulidi Lamu: hivi vyote nimeviona kwenye ratiba zilizochapishwa.

Kuhusu fomu za wanafunzi za kuwatathmini walimu, zina faida ndogo kwenye darasa la watu kumi na wawili ambamo kila mwandiko unajulikana, na hazina faida kabisa zikigawiwa na mwalimu mwenyewe. Badala yake, wiki ya sita mwombe mwalimu wa idara nyingine aingie darasani dakika kumi na tano, mwenye somo akiwa nje, aulize: nini kiendelee, nini kibadilike, nini hakijafundishwa kabisa. Majibu yaende kwa mwalimu kesho yake wakati bado kuna wiki za kurekebisha.

Hatua ya 5: Sasa ndipo ufungue mtaala

Utausoma kwa macho mengine. Chora jedwali: upande wa kushoto matokeo yanayotarajiwa ya kozi, yaani mambo ambayo mhitimu ataweza kuyafanya, na upande wa juu uniti zote. Tia alama ambapo kila tokeo linafundishwa, na alama nyingine ambapo linapimwa. Utapata matokeo yasiyofundishwa popote, na utapata jambo moja linalofundishwa katika uniti nne kwa majina manne. Linganisha na yale mliyoyasikia kwa wahitimu na waajiri. Kiitaliano kinakosekana wapi? Kufunga hesabu za mapokezi za usiku kuko uniti gani? Nani anapima usafi wa jikoni, na anapima kwa maandishi au kwa kumtazama mwanafunzi akifanya?

Pitia pia mafaili ya udahili: shahada inataka C+ ya KCSE, mtihani wa kidato cha nne, au njia nyingine inayokubalika, diploma C-. Mafaili yasiyo na nakala ya cheti yashughulikiwe wiki hiyo hiyo, kwa kuwa mwanafunzi aliyeingia bila sifa hugundua mwaka wa nne, na analia yeye.

Hatua ya 6: Andika ripoti fupi, ujipe alama

Kurasa kumi na tano zinatosha. Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, lenye makao Kampala, lilianza mwaka 2006 kujenga mfumo wa pamoja wa tathmini kwa msaada wa shirika la Kijerumani la DAAD, na mfumo huo hutumia kipimo cha 1 hadi 7 kwa kila kipengele. Kitumie. Alama 4 maana yake kipengele kinatosheleza. Ukijikuta umejipa 6 kila mahali, rudi hatua ya 2. Mficha maradhi kifo humfichua, na wakaguzi wenye uzoefu huanza na kipengele ulichojipa alama ya juu kuliko vyote.

Kila alama iwe na ushahidi unaoweza kushikwa kwa mkono. "Walimu wana sifa za kutosha" siyo ushahidi. Orodha ya walimu, sifa zao, saa zao na uniti zao ndiyo ushahidi.

Hatua ya 7: Waite wenzako kabla wakaguzi hawajafika

Tafuta watu watatu: mwalimu wa kozi kama hiyo kutoka chuo kingine cha Pwani, msimamizi mmoja wa hoteli, na mhitimu mmoja asiyeogopa kusema. Wape ripoti wiki mbili kabla, uwape siku moja nzima, chakula cha mchana na nauli. Wazungumze na wanafunzi bila wewe kuwapo.

Siku ya ukaguzi wenyewe, usiazime kompyuta kutoka kampasi nyingine wala kujaza rafu kwa vitabu vya duka. Wakaguzi huuliza wanafunzi, na mwanafunzi wa mwaka wa pili atasema bila hila kwamba vitabu hivi vimefika jana. Wala usiwafundishe wanafunzi majibu. Waambie tu wakaguzi ni nani na wamekuja kufanya nini.

Hatua ya 8: Mambo matano, yenye wenyewe

Ripoti itakupa mambo thelathini. Chagua matano. Kwa kila moja andika mtu mmoja anayewajibika (mtu, siyo kamati), tarehe, gharama, na namna mtakavyojua limefanyika. Kisha ugawe mara mbili: yaliyo ndani ya uwezo wa kampasi na yanayohitaji seneti au makao makuu. Daftari la makabidhiano ya karatasi za mitihani ni la kampasi. Lianze muhula huu. Mazungumzo ya wiki ya sita ni ya kampasi. Mwalimu wa Kiitaliano wa saa nne kwa wiki huenda akalipika kwa bajeti iliyopo, na Malindi hakosekani. Malipo ya walimu wa muda ni ya makao makuu, kwa hiyo peleka ule ukurasa wa safu mbili pamoja na majina ya wanafunzi waliokosa mahafali.

Kuhamisha atachimenti kutoka Mei hadi Desemba ndiko kuzito, kwa sababu kunagusa kalenda ya chuo kizima, karo na mabweni. Andika pendekezo mapema, liwe la kozi moja tu, na uambatishe barua za hoteli tatu au nne zinazosema zitapokea wanafunzi wangapi mwezi gani. Liingie kwenye bodi ya kitivo kabla kalenda ya mwaka ujao haijapelekwa seneti; muulize karani wa bodi tarehe ya mwisho ya kupokea ajenda, uiandike ukutani. Ikikupita, usingoje mwaka: omba angalau wanafunzi wa mwaka wa mwisho waruhusiwe kuanza Julai, hoteli zikishafungua, na wamalizie wiki zilizobaki likizo ya Desemba.